Kidato cha Nne na Saa Zake
Vijana wetu wa Garissa mlio kidato cha nne, mtihani wa KCSE huja mwisho wa mwaka, lakini matayarisho yake ni tangu Januari. Atakaye shahada hana budi kupata wastani wa C+. Na atakaye uganga au uhandisi hupimwa pia kwa masomo manne yahusuyo fani hiyo. Basi asiikimbie kemia. Twajua kwamba walimu wasio wenyeji walipohamishwa mwaka 2020, madarasa mengi yalibaki bila mwalimu. Hapo ndipo ratiba ihitajiwapo zaidi: hesabu baada ya sala ya Alfajiri, akili ingali safi, historia baada ya Isha. Ramadhani nayo si udhuru, somo gumu na lisomwe baada ya daku. Wala mzazi asimtume mwanawe dukani saa hizo.