Mtundu, Ayari na Mhuni

SWALI: Hapa Buhare, Musoma, kijana akiangua maembe ya jirani bila ruhusa, mmoja humwita mtundu, wa pili ayari, wa tatu mhuni. Nani kasema sawa?

JIBU: Ndugu msomaji, ni yule wa kwanza, kwani mtundu, kama mtukutu, ni karipio lenye mahaba ndani yake, na mtoto asiyetulia hulipata hata kabla hajagusa embe. Ayari ni mtu wa hila na ghiliba; neno lenyewe ni la Kiarabu, na katika Baghdad ya karne ya 9 maayari walikuwa makundi ya vijana wenye silaha, majambazi machoni pa hawa na mashujaa machoni pa wale, hivyo kumwita hivyo mwizi wa maembe ni kumtukuza mno. Ama mhuni, ambaye zamani alikuwa mtu asiye na makao maalumu wala mke, ni jina zito, maana zama za Waingereza vijana wasio na ajira mjini Dar es Salaam walikamatwa kwa jina hilo wakarudishwa makwao kwa nguvu, ingawa wengi walikuwa wakitafuta riziki tu. Tafadhali mwombe huyo wa tatu asimpachike mtoto jina hilo.