Swali Kwanza, Programu Baadaye

Mchuuzi wa programu akifika ofisini na kompyuta yake ya mapajani, bodi nyingi za SACCOS huuliza bei kabla ya kujiuliza zinataka kutibu nini. Miezi sita baadaye mhasibu anaingiza marejesho kwenye mfumo mpya mchana, na jioni anayaandika tena kwenye leja kwa kuwa huo mfumo hauamini.

Dawa ni kuchunguza kabla ya kununua. Marekani, vyama vya akiba na mikopo vina taasisi yao ya utafiti, Filene, iliyoanzishwa mwaka 1989. Chama chenu cha walimu au cha wakulima wa kahawa hakina kitu kama hicho, lakini kina kabati la mafaili, na utafiti wa kwanza umo humo.

Anzeni na swali hili: mwanachama akipatwa na dharura, mbona anakimbilia mikopo ya kausha damu na akiba anayo kwetu? Riba anaijua, na anajua yetu ni nafuu. Huenda anachokosa ni siku. Chukueni mafaili 50 ya mikopo ya karibuni, na kwa kila moja mwandike tarehe tatu: fomu ilipopokelewa, kamati ya mikopo ilipokaa, fedha zilipotoka. Kisha tazameni siku zimepotelea wapi. Kama ni kusubiri kikao cha mwisho wa mwezi, hakuna programu itakayowasaidia. Kamati ikae kila wiki, au masharti yatamke kiwango cha mkopo wa dharura ambacho meneja anaidhinisha na kukitolea taarifa. Kama ni kuwasaka wadhamini mmoja mmoja hadi shambani, hapo ndipo simu ina kazi.

Swali la pili ni la mikopo chechefu, na hapa wengi tunajidanganya kwa hesabu. Tuseme mikopo yote iliyoko nje ni shilingi milioni 200, na marejesho yaliyochelewa ni milioni 6. Bodi inatangaza asilimia 3, watu wanapiga makofi. Lakini ile mikopo iliyochelewa bado ina salio la milioni 30, na hilo salio lote liko hatarini: ni asilimia 15. Vipimo vya PEARLS vya Baraza la Dunia la Vyama vya Akiba na Mikopo vinahesabu salio, na kikomo chake ni asilimia 5. Mkishapata namba ya kweli, igawanyeni kwa aina ya mkopo, kwa msimu na kwa wadhamini. Mtu mmoja aliyedhamini wenzake wanane atajitokeza mwenyewe.

Nani afanye kazi hii? Mhasibu ana yake. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina wanafunzi wanaohitaji mafunzo kwa vitendo, andikeni barua. Ila kabla ya kumkabidhi mwanafunzi taarifa, ondoeni majina na namba za simu, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu nanyi pia.

Ikibainika kweli kwamba mnahitaji mfumo, ujaribuni kwa wanachama 30 kwa miezi mitatu, leja ikiendelea pembeni. Ulizeni kama utarudia kazi mnayoifanya tayari kwenye MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mkataba useme taarifa ni mali ya chama, na kwamba siku mkiachana na mwenye mfumo atawakabidhi zote katika faili linalofunguka kwenye kompyuta yoyote. Wapo waliolipia mara ya pili ili kupata majina ya wanachama wao wenyewe.

Jaribio likishindwa, liandikwe kwenye muhtasari pamoja na gharama yake, ili bodi ijayo, akija mchuuzi mwingine, iwe na cha kumsomea.