Uume Ukivunjika, Usisubiri Kuche

Saa nane za usiku kijana anaingia akitanua miguu, anasema ameteleza bafuni. Usimbishie. Vuta pazia, mwombe ndugu aliyemleta asubiri nje, kisha uliza kwa sauti ya chini: uume ulikuwa umesimama? Ulisikia kitu kikilia "ta"? Ulilegea papo hapo? Akiitikia yote matatu, jibu unalo kabla hujavaa glavu.

Sasa tazama. Uume umevimba, umepindia upande usioumia, rangi ni ya bilinganya. Umechanika ule utando mgumu unaozizingira tishu zinazojaa damu uume unaposimama. Uume ukilala, utando huo una unene wa kama milimita 2. Ukisimama unavutika na kuwa mwembamba sana.

Usikimbilie mpira wa mkojo. Kagua kwanza tundu la mkojo. Muulize kama amekojoa tangu aumie, na mkojo ulikuwa na rangi gani. Ukiona damu, au mkojo umegoma, chukulia kuwa mrija wa mkojo umechanika. Mpira ukisukumwa kwa kubahatisha hugeuza mchaniko mdogo kuwa mkubwa. Eksirei ya mrija kwa dawa itakuonyesha ulipovuja. Kama haipo, mwachie daktari wa upasuaji.

Ultrasaundi ni ya pale unapokuwa na shaka. Dalili zikiwa wazi, usimweke mtu hadi asubuhi akisubiri kipimo. Mpe dawa ya maumivu, weka barafu iliyofungwa kitambaa, asile wala asinywe, piga simu thieta. Lenga ashonwe ndani ya saa 24. Ukimrudisha nyumbani na vidonge, anaweza kubaki na uume uliopinda au usiosimama vizuri, na huyo ni kijana wa watu. Huna thieta? Andika rufaa usiku huohuo, na saa aliyoumia iandike.

Mtoto aliyebanwa govi na zipu ni kazi nyepesi. Usivute. Mpe ganzi, kisha kata kwa koleo kile kidaraja cha kichwa cha zipu; meno yataachia.

Uume uliokatwa kabisa, kandamiza kidonda damu ikome, na chanjo ya pepopunda usiisahau. Kipande kifunge kwa shashi iliyoloweshwa maji ya dripu ya chumvi, tia kwenye mfuko safi, funga, ndipo uuweke mfuko huo ndani ya mwingine wenye barafu. Barafu isiguse nyama. Mgonjwa na kipande wapande gari moja.