Kabla ya Kuandaa Shindano la Programu Kitale au Bungoma

Wanafunzi wa kompyuta hawakosekani upande huu wa nchi. Kitale kuna National Polytechnic, na Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2015, pamoja na taasisi ya Sang'alo. Klabu zao zikikubaliana kushindana kutengeneza programu, ukumbi utajaa. Siku ikiharibika, mara nyingi itaharibiwa na mambo yasiyohusu programu hata kidogo: stima, bando, nauli na chakula. Kila moja lipewe mtu mmoja, jina lake na nambari yake ya simu viandikwe kwenye karatasi. Kazi ya kamati nzima huwa haina mwenyewe.

Tuanze na stima. Soketi ya kawaida ya Kenya hubeba ampea 13 kwa volti 240, yaani wati 3,120 basi. Chaja ya laptopu nyingi ni ya wati 65, kwa hiyo laptopu 40 zikivuta kwa nguvu zote zinataka wati 2,600. Ekstensheni ndefu iliyochomekwa kwenye soketi moja itazimudu kwa shida. Sasa mtu wa chai achomeke hapo hapo birika la umeme la wati 2,000: fyuzi inaweza kuungua na nusu ya ukumbi ikazima. Kwa hiyo gawa meza kwenye soketi mbalimbali, na birika likae jikoni. Mkikodi jenereta, ile ya kVA 5 hutoa takriban wati 4,000, si 5,000. Kenya Power hutangaza mapema maeneo yatakayokatiwa umeme kwa matengenezo. Soma tangazo hilo kabla ya kuchapisha bango lenu, si baada.

Intaneti nayo ina hesabu yake. Washiriki 30 wakipakua gigabaiti mbili kila mmoja, hizo ni 60, na zote zitatakiwa ndani ya saa ile ya kwanza. Hakuna bando la simu litakalostahimili. Watumieni orodha ya programu zinazohitajika wiki moja kabla, wazipakue chuoni kwao. Zilizobaki ziwekwe kwenye laptopu moja iliyounganishwa na ruta, watu wazichukue kutoka hapo. Ruta haihitaji intaneti ili kuunganisha mashine zilizo ukumbini. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, inafaa sana hapa, kwa kuwa kila mshiriki hubaki na nakala ya mradi pamoja na historia yake yote. Timu inaweza kushinda kutwa nzima ikiandika bila mtandao, kisha ikakabidhi kazi hata kwa flashi.

Gari linalotoka Kitale hupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, ndipo lishike njia ya Bungoma. Matatu ya abiria 14 ikikodiwa kwenda na kurudi, patana bei mapema, lipa sehemu tu, na salio litoke wageni wakishafika kwao. Msimu wa mvua, Kitale hunyesha sana alasiri. Kwa hiyo zawadi zitolewe saa tisa, wageni wapate kuondoka mapema. Hotuba za wageni waheshimiwa ndizo hula muda, basi ziwekwe asubuhi, tena fupi.

Chakula: agiza kwa idadi ya waliothibitisha, ongeza sahani chache. Pesa zisipotosha, fulana zinaweza kungoja mwaka ujao.

Fomu ya kujiandikisha isiombe nambari ya kitambulisho kama haina kazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu hata wanafunzi wanaokusanya majina na simu za watu, na mkialika wanafunzi wa sekondari walio chini ya miaka 18, mzazi au mlezi atoe idhini kwanza, ya picha pia. Michango isiingie kwenye M-Pesa ya mwenyekiti. Tumieni akaunti ya klabu, watu wawili waidhinishe kila malipo, na risiti zihifadhiwe.

Kuna jambo ambalo klabu nyingi hulisahau. Timu imetengeneza programu nzuri, labda ya kuwaonyesha wakulima wa mahindi bei ya gunia, lakini programu hiyo imesajiliwa kwa barua pepe ya mwanafunzi wa mwaka wa nne. Akihitimu, anaondoka na nenosiri. Mradi uwe chini ya akaunti ya klabu, watu wasiopungua wawili wawe na ruhusa ya kuusimamia, na mmoja wao awe bado na miaka miwili chuoni. Andikeni pia ukurasa mmoja wa kueleza jinsi ya kuiwasha programu kwenye mashine mpya, kisha mpeni mtu ambaye hakuwa kwenye timu ajaribu kuufuata. Akikwama, ukurasa huo haujakamilika.

Baada ya shindano, mlezi wa klabu na washiriki wote wapewe hesabu ya fedha ndani ya wiki mbili, hata kama mmebaki na deni.