Upime Mtandao Ukiwa na Watu Ndani Yake: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya yanamhusu kila anayetia saini ripoti ya kupima mtandao, awe fundi wa mtoa huduma, mtunzi wa programu za simu au mkaguzi wa zabuni. Zahanati itanunua laini kwa kuiamini karatasi hiyo. Mwalimu ataitegemea kupanga mtihani wa mtandaoni. Nimesoma ripoti nyingi zenye namba safi kuhusu mitandao ambayo watumiaji wake wanailaani kila jioni, na sikubali tena kuambiwa kwamba vipimo vilikuwa sahihi ila watu ndio hawaelewi.

Usipime saa nane za usiku. Saa hiyo wateja wamelala na njia ni nyeupe. Pima kati ya saa mbili na saa nne usiku, kila nyumba ikiwa na video inayocheza. Pima wakati wa mechi kubwa. Ukiwa na nafasi ya kupima mara moja tu, chagua saa mbaya.

Usilete kasi peke yake. Anzisha upakuaji na upakiaji kwa pamoja, ujaze laini, kisha upige ping mzigo ukiwa bado unaendelea. Kama ping ilikuwa milisekunde 30 laini ikiwa tupu na sasa imepanda hadi 900, umegundua ugonjwa ambao namba ya kasi isingekuonyesha kamwe. Modemu na ruta nyingi zina bafa kubwa kupita kiasi. Pakiti hazipotei, zinapanga foleni. Na kwa kuwa TCP ya kawaida huutambua msongamano kwa kupotea kwa pakiti, inaendelea kusukuma bila kujua kwamba njia imeziba. Mmarekani Jim Gettys alianza kulipigia kelele jambo hili mwaka 2010, baada ya kuuchunguza mtandao wa nyumbani kwake. Dawa ipo: washa fq_codel, utaratibu wa kusimamia foleni, kwenye ruta, upime tena, uweke namba zote mbili kwenye ripoti.

Usipime mita tatu kutoka kwenye swichi ukadhani umeipima njia ya kwenda Ulaya. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kilomita 10,000 za mkongo wa baharini, kwenda na kurudi, ni milisekunde 100 kabla ruta yoyote haijaigusa pakiti yako, na hakuna fedha itakayozipunguza. Sasa piga hesabu. TCP yenye dirisha la baiti 65,535, yaani kikomo chake pasipo nyongeza ya kulipanua, haivuki megabiti 2.6 kwa sekunde kwenye njia ya milisekunde 200, hata ukiiwekea laini ya megabiti 100. Ipoteze pakiti 1 katika kila 100 kwenye njia hiyo hiyo, na TCP ya mtindo wa zamani itashuka chini ya megabiti 1. Mezani kwako yote haya hayaonekani.

Basi uige umbali, lakini uuige kwa akili. Programu ya netem iliyomo ndani ya Linux itakuongezea ucheleweshaji na upotevu wa pakiti. Iweke kwenye kompyuta ya katikati, si kwenye mashine ile ile inayotuma. Angalia pia foleni yake: isipobadilishwa hubeba pakiti 1,000. Megabiti 100 zikicheleweshwa milisekunde 200 zinahitaji pakiti zipatazo 1,670 za baiti 1,500. Zinazozidi hutupwa, nawe utailaumu itifaki kwa kosa la kifaa chako. Tena, usiridhike na upotevu wa kubahatisha, pakiti moja hapa, nyingine pale. Redioni pakiti hupotea kwa mafungu, simu inapopita nyuma ya ghorofa au mnara unapolemewa.

Usitume mkondo mmoja ukasema itifaki ni imara. Oktoba 1986, kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake, umbali wa yadi 400 tu, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 hadi 40 kwa sekunde. Waya haukukatika. Wengi walituma kwa pamoja, na kila mmoja akarudia kutuma pakiti zilizopotea, msongamano ukazaa msongamano. Marekebisho aliyoyaeleza Van Jacobson mwaka 1988 yalitokana na kutazama mtandao uliojaa.

Tuma pakiti kubwa. Ping ndogo hupita kila mahali; jaribu yenye mzigo wa baiti 1,472, ambayo pamoja na vichwa vyake inatimia 1,500, huku ukikataza isigawanywe. Ukurasa unaoanza kufunguka kisha ukaganda mara nyingi unatokana na hili: njia imekuwa nyembamba mahali fulani, na kuna aliyezuia ujumbe wa ICMP ambao ungemwarifu mtumaji.

Kata mawasiliano kwa makusudi. Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Programu yako ilijaribiwa lini katika hali ya namna hiyo? Toka nje ya Wi-Fi ukiwa unatuma fedha, uone kama muamala unakamilika mara moja, unafanyika mara mbili au unapotea. Kama unatumia QUIC, itifaki inayosafiri juu ya UDP, funga UDP kabisa, kwani ofisi nyingi huizuia, uone kama programu inarudi kwenye TCP au inabaki imeduwaa.

Jaribu kwa simu ya bei rahisi pia.

Usijifiche nyuma ya wastani. Ping 95 za milisekunde 40 na 5 za sekunde 3 zinaleta wastani wa 188, namba ambayo hakuna mtu aliyeionja. Ziandike zile ping tano.

Na usirushe mzigo wa maabara kwenye mtandao wenye wateja. Vipimo vya RFC 2544, waraka wa kiufundi wa mwaka 1999, hujaza njia hadi ishindwe. Mwaka 2012 RFC 6815 ikalazimika kutoa onyo kwamba mahali pake ni maabara tu. Mtandao unaotumika upimwe kwa mzigo mdogo, kwa taarifa iliyotangulia, na pawepo mtu wa zamu mwenye mamlaka ya kusimamisha upimaji.