Simu Ni Yako, na Akaunti Je? Vidokezo Tisa vya Kufanya Mwenyewe

Ukinunua simu Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, muuzaji hakuachii uondoke hivi hivi. Anabandika kioo cha kinga, anaweka laini, anafungua Gmail, anapakua WhatsApp, kisha anakukabidhi simu ikiwa tayari kwa matumizi. Ni wema, na wateja waliosimama nyuma yako wanamtaka afanye haraka. Tatizo ni kwamba neno la siri la ile Gmail amelichagua yeye, namba ya kurejesha akaunti pengine kaweka yake au hakuweka kabisa, na wewe umetoka dukani bila kuijua hata anwani yenyewe. Siku simu ikidumbukia kwenye ndoo ya maji ndipo unagundua kwamba majina yote ya watu wako na picha za marehemu mama vimo kwenye akaunti usiyoweza kuifungua.

Vidokezo vinavyofuata vina lengo moja: kilichomo kwenye simu yako kiwe mikononi mwako. Huhitaji fundi. Menyu za simu za Android, kama Tecno na Samsung, zinatofautiana kidogo, kwa hiyo ukikwama andika unachokitafuta kwenye kisanduku kilicho juu ya Mipangilio. Na kama Kiingereza cha menyu kinakupa shida, anza kwa kuibadilisha simu iwe ya Kiswahili. Android inacho, na WhatsApp pia.

1. Ijue Gmail yako, kisha uimiliki

Fungua Mipangilio, shuka hadi palipoandikwa Google. Anwani unayoiona pale ndiyo iliyobeba simu nzima. Inakili kwenye daftari, herufi kwa herufi, pamoja na nukta na tarakimu zake.

Kisha badilisha neno la siri. Kama la zamani hulijui, mradi akaunti bado iko wazi kwenye simu yako, mara nyingi Google hukubali ujithibitishe kwa kufuli la skrini. Fanya hivyo leo, wakati simu bado nzima. Chagua maneno matatu au manne yasiyohusiana, yale ambayo hata jirani anayekufahamu vizuri hawezi kuyabahatisha. Jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa havifai, kwa sababu nusu ya mtaa inavijua. Usilitumie neno hilo tena Facebook wala kwingineko.

Halafu weka namba yako ya simu na barua pepe ya mtu unayemwamini, mkeo, mumeo au dada yako, ziwe njia za kurejea siku ukisahau. Watu wengi hulipita jambo hili wakidhani Gmail ni ya wafanyakazi wa ofisini. Sivyo. Tangu Android 5.1 iliyotoka mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa kulazimishwa haifunguki mpaka iingizwe akaunti ya Google iliyokuwemo, au kufuli la skrini la awali. Kinga hiyo iliwekwa dhidi ya wezi. Lakini mwenye simu asiyeijua akaunti yake naye hufungiwa nje vilevile, akaishia kumlipa fundi ili aingie kwenye mali yake mwenyewe.

2. Iwekee WhatsApp namba ya siri ya pili

Hiki ndicho kidokezo ambacho ningependa kila msomaji akimalize kabla hajalala.

Utapeli wa WhatsApp unakwenda hivi. Mtu anapakua WhatsApp kwenye simu yake na kuandika namba yako. Wewe unapokea meseji yenye tarakimu sita. Dakika hiyohiyo simu inaita: ni sauti ya heshima, inakuamkia, inasema inatoka kamati ya harusi ya fulani, au inakuunganisha kwenye kikao cha kanisa au msikiti, na inaomba uitajie hizo tarakimu. Ukizitaja, akaunti imehama. Nusu saa baadaye shangazi yako Tabora anapata ujumbe wenye picha yako: “Shikamoo shangazi, nimekwama, nitumie laki moja, jioni narudisha.” Na shangazi, kwa upendo wake, anatuma.

Ingia Mipangilio ya WhatsApp, gusa Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, uweke tarakimu sita unazozijua wewe tu. Ongeza na barua pepe, ile Gmail uliyokwisha kuimiliki, ili ukisahau uweze kurejea. Kuanzia hapo tarakimu za meseji peke yake hazimtoshi tapeli.

Kama tayari umetekwa, usikae kulia. Andikisha namba yako upya kwenye simu yako. Tarakimu mpya zitakuja kwako, na ukiziingiza yule mwizi anatolewa papo hapo. Akiwa ameshaweka namba yake ya siri ya pili, utalazimika kusubiri siku saba kabla ya kuingia, ila katika siku hizo naye hawezi kuitumia. Muda huo wapigie ndugu kwa sauti yako, mmoja mmoja, uwaambie wasitume chochote.

Pitia pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mbali na simu yenyewe, WhatsApp inaruhusu vifaa vinne. Ukikuta kompyuta usiyoitambua, pengine ya duka la steshenari ambako ulikwenda kuchapisha barua, itoe.

3. Laini nayo ina mlango

Kuna watu wameifunga simu kwa alama ya kidole na kufuli la namba, lakini laini wameiacha wazi. Mwizi anaichomoa, anaiweka kwenye simu yake, na meseji zote za kurejesha akaunti zinaingia kwake. Dawa yake ni kufuli la laini, linalopatikana kwenye Mipangilio sehemu ya usalama. Kabla hujaligusa, hakikisha unaijua namba ya siri ya mwanzo, iliyochapwa kwenye kile kikadi kilichokuja na laini, au uliza kampuni ya simu. Ukikosea mara tatu laini itadai PUK, yaani namba ya kuifungulia, na ukikosea PUK mara kumi laini hiyo imekufa, itabidi upewe nyingine.

Jambo jingine: piga *#21#. Simu itakuonyesha kama kuna namba ambayo simu unazopigiwa zinapelekwa. Matapeli humwomba mtu abonyeze *21* ikifuatiwa na namba fulani, kwa maelezo kwamba “tunarekebisha mtandao”. Kinachofanyika ni kuhamisha simu zako ziende kwao. Ukiona namba usiyoijua pale, piga ##002# ili kufuta uhamishaji wote. Na ukumbuke kwamba kampuni za simu Tanzania hukupigia kwa namba 100. Aliyekupigia kwa namba ya kawaida akijiita huduma kwa wateja, mkatie.

4. Hesabu laini zilizosajiliwa kwa jina lako

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania mwezi Mei 2019, na wengi wetu tuliweka dole mbele ya wakala aliyekaa chini ya mwavuli. Mara nyingine aliomba uweke tena, na tena, akisema mashine haijasoma. Piga *106#, fuata maelekezo, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Rudia kwa mitandao mingine, hata ile usiyoitumia, kwa sababu huko ndiko namba ngeni hujificha. Ukiikuta, nenda duka la kampuni husika na kitambulisho ukaikane. Laini hiyo ikitumika kutapeli, polisi wataanza na jina lililo kwenye usajili. Wasomaji wa Kenya walio Safaricom nao wana *106# yao.

5. Skrini iliyofungwa isitoe siri

Kwenye Mipangilio ya arifa, ficha maudhui ya meseji skrini inapokuwa imefungwa. La sivyo tarakimu zote tulizozisema hapo juu zinasomeka na yeyote aliyeishika simu, bila hata kuifungua.

6. Programu inataka nini kwako?

Tochi haina haja ya majina ya watu wako. Kalenda haina haja ya kamera. Fungua Mipangilio, Programu, kisha Ruhusa, na uangalie kundi moja moja: nani amepewa majina, nani meseji, nani kipaza sauti, nani mahali ulipo. Ondoa kila ruhusa usiyoielewa sababu yake. Programu ikiihitaji kweli itaomba tena.

Hapa niwaseme kwa jina lao wale wa mikopo ya mtandaoni. Unapakua, unaomba elfu hamsini, na kabla hela haijaingia programu imekwisha kunakili majina yote ya simuni. Ukichelewa siku moja, bosi wako, mchungaji wako na mkwe wako wanapokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Ni udhalilishaji, na umevunja ndoa za watu. Mwaka 2023 Google ilizizuia programu za mikopo zilizo kwenye Play Store kusoma majina na picha za mteja, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Basi kabla ya kukopa hakikisha mkopeshaji ana leseni, na usikubali hata kidogo faili la programu ulilotumiwa kwa WhatsApp likikutaka ulifungue nje ya Play Store. Kwenye Mipangilio kuna sehemu ya kusakinisha programu zisizojulikana. Zote pale ziwe zimezimwa.

7. Bando na nafasi

Bando linalokwisha bila wewe kujua mara nyingi linaliwa na video za “habari za asubuhi” kutoka makundi ya WhatsApp. Kwenye Mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa picha na video unapotumia data ya simu. Utapakua unayoitaka tu. Play Store nayo iambie isasishe programu kwa Wi-Fi peke yake, lakini masasisho ya usalama ya simu usiyakatae. Tafuta Wi-Fi ya kazini au ya rafiki uyamalize.

Google inakupa GB 15 za bure, zikigawanywa kati ya Gmail, Drive na Picha. Zikijaa, hata barua pepe haziingii, na nakala ya picha zako inasimama kimyakimya. Futa video kubwa kwanza. Picha mia moja za chakula hazina uzito wa video moja ya send-off.

8. Kabla ya fundi, kabla ya kuuza

Unapompelekea fundi simu abadilishe kioo, toa laini na kadi ya memori ubaki nazo. Samsung nyingi za karibuni zina hali ya matengenezo, inayomruhusu fundi ajaribu simu bila kuona picha wala meseji zako, iwashe. Kama simu yako haina, kaa hapohapo kibandani mpaka amalize, uifungue mwenyewe kila anapohitaji kujaribu. Fundi mwaminifu hachukii.

Ukiuza, au ukimwachia mdogo wako, hamisha vitu vyako, ondoa kwanza akaunti ya Google, ndipo uifute simu yote. Ukifuta kwa njia nyingine bila kuondoa akaunti, mnunuzi atakuwa na simu isiyofunguka, na atakutafuta.

9. Siku simu ikipotea, na siku wewe mwenyewe hutakuwepo

Piga *#06# sasa hivi. Tarakimu 15 zinazotokea ndizo IMEI, utambulisho wa simu yenyewe. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili. Ziandike zote kwenye lile daftari. Ndizo polisi watakazokuuliza, na ndizo zinazowezesha simu kufungiwa isitumike kwenye mitandao. Simu bandia zilipozimwa Tanzania Juni 2016, zilitambuliwa kwa IMEI hizohizo. Hakikisha pia huduma ya Google ya kutafuta kifaa imewashwa. Simu yako ikipotea, azima ya mtu, ingia kwa Gmail yako, uifungie au uifute kutoka huko uliko. Usimfuate mwizi peke yako eti kwa sababu ramani imekuonyesha nyumba.

Na hili tunalikwepa kwa kuwa linagusa kifo. Akaunti ya Google isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna mahali pa kuchagua nini kifanyike ukinyamaza: unaweka muda, kuanzia miezi mitatu hadi kumi na minane, na unataja watu hadi kumi watakaopokea picha na nyaraka zako. Facebook nayo hukuruhusu kumteua mtu wa kuutunza ukurasa wako. Familia nyingi zimebaki na simu ya marehemu kabatini, kila siku zikijaribu tarehe za kuzaliwa.

Kama leo una nafasi ya mambo mawili tu, fanya la kwanza na la pili. Ukimaliza, chukua simu ya mama au ya babu, kaeni pamoja, uwafanyie wakitazama, na maneno ya siri wayachague wao. Meseji ya “ile hela tuma kwenye namba hii” ikiwafikia, wasijibu: Tanzania watume neno UTAPELI kwenda 15040 wafuate maelekezo, na wa Safaricom Kenya waipeleke 333.