Rais Mpya na Bahari Ileile

Anapoapishwa mtawala mpya, watu wengi huuliza neno moja tu: je, bei ya mchele itashuka? Swali hilo si la kuchekwa, maana ndilo linaloingia jikoni kila siku. Lakini nyuma yake lipo swali jingine, ambalo latupasa kulichungua polepole. Mtu mmoja akiingia Ikulu kwa miaka mitano, au kumi akichaguliwa tena, aweza kweli kugeuza njia ambayo nchi nzima hujipatia riziki? Na aweza kufanya nini juu ya joto la bahari, na mvua zisizofuata majira, na chumvi inayoingia visimani, mambo ambayo hayakumwomba mtu kura? Sisi wa Unguja tunao mfano wetu wenyewe, hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta.

Tarehe 2 Novemba 2020, katika uwanja wa Amaan, Daktari Hussein Ali Mwinyi aliapishwa kuwa Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi. Mwezi uleule akatangaza Baraza lake la Mawaziri, na ndani yake ilikuwamo wizara ambayo wazee wetu hawakupata kuisikia: Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Hadi wakati ule mvuvi alikuwa akihesabiwa pamoja na mkulima na mfugaji, chini ya waziri mmoja wa kilimo, maliasili, mifugo na uvuvi. Pengine msomaji atasema kwamba kubadili jina la wizara ni kubadili kibao cha mlangoni tu. La, sivyo. Wizara ina fungu lake katika bajeti, ina Katibu Mkuu wake, tena ina mtu wa kusimama Chukwani mbele ya Baraza la Wawakilishi na kujibu maswali. Jambo lisilo na wizara halina mtu wa kuulizwa. Hiyo ndiyo nguvu ya kwanza ya rais mpya, nayo ni nyepesi kuitumia, maana Katiba ya mwaka 1984 yampa uwezo wa kuzipanga ofisi za serikali yake.

Uchumi wa Buluu maana yake ni nini? Maneno haya yameandikwa katika mabango mengi, hata yameanza kuchosha masikio, kwa hiyo yafaa tuyafungue. Sera iliyotolewa mwaka 2020 yataja mafungu matano: uvuvi na ufugaji wa viumbe vya baharini, biashara ya majini pamoja na bandari, nishati, utalii, na usimamizi wa bahari yenyewe. Shabaha yake ni kwamba visiwa visivyo na ardhi kubwa, vyenye watu 1,889,773 kwa hesabu ya mwaka 2022, vitazame maji yanayovizunguka kama shamba. Wazo hili halina kosa. Lakini msomaji mwangalifu ataliona neno la tatu, nishati, na atauliza ni nishati gani. Jibu ni kwamba ndani yake yamo mafuta na gesi. Mwaka 2016 Zanzibar ilitunga sheria yake ya mafuta na gesi. Mwaka 2018, wakati wa Daktari Ali Mohamed Shein, ikatia sahihi mkataba na kampuni ya RAK Gas juu ya kitalu cha Pemba na Zanzibar. Na mwaka 2024, chini ya Rais Mwinyi, vitalu vingine vya baharini vikatangazwa kwa wenye kutaka kuvitafutia mafuta. Basi wizara ileile inayomlinda mkulima wa mwani, ambaye adui yake ni joto la maji, ndiyo pia inayotafuta kitu ambacho kikichomwa huliongeza joto hilo. Hatusemi kwamba nchi maskini imekatazwa kuchimba mali yake. Twasema tu kwamba mambo haya mawili yamewekwa katika kapu moja, na anayelibeba kapu hana budi kusema lipi litawekwa chini siku yatakapogongana.

Kwa upande mwingine, shughuli za mazingira hazikuwekwa katika kapu hilo. Serikali ya Umoja wa Kitaifa ilipoanza mwaka 2010, mazingira yaliwekwa chini ya Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, na sheria ya mwaka 2015 ikaunda mamlaka ya kuyasimamia. Hivyo anayegawa vitalu na anayepima madhara wakawa katika nyumba mbili. Mpango huo una faida, kwa kuwa si vizuri mtu awe hakimu wa kesi yake mwenyewe. Lakini una hatari pia, maana nyumba yenye fungu dogo la fedha huchelewa kusikika.

Hii si mara ya kwanza kwa rais mpya kuigeuza njia ya riziki ya Unguja. Wenye umri wataukumbuka mwaka 1984. Bei ya karafuu ilikuwa imeanguka, hasa kwa sababu Indonesia, mnunuzi mkubwa wa zamani, ilikuwa imepanda mikarafuu yake yenyewe. Maduka ya Darajani yalikuwa matupu, na watu walipanga foleni kwa ajili ya sukari na kitambaa. Mwezi wa Januari Mzee Aboud Jumbe alijiuzulu, na Mzee Ali Hassan Mwinyi, baba yake rais tuliyemtaja, akashika mahali pake. Aliruhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao, na kwa muda mfupi rafu zikaanza kujaa. Mwaka uliofuata alikwenda Bara kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, na huko watu wakambandika jina la Mzee Ruksa. Mwaka 1986 Zanzibar ikatunga sheria ya kulinda rasilimali za wageni.

Jambo la kujifunza hapa ni hili: mlango ulifunguliwa ili kiingie kitambaa na sukari, lakini walioingia baadaye ni watalii. Mwaka 2024 wageni walioandikwa kuingia Zanzibar walikuwa 736,755. Tena mwaka 1989 ulianza ukulima wa mwani wa kuuza nje, katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani. Haya mawili, hoteli na mwani, yameshika nafasi ya karafuu kwa sehemu kubwa, na hakuna aliyeyaandika katika hotuba ya 1984. Kwa hiyo tusimpime rais mpya kwa yale anayoyaahidi peke yake; tutazame pia ni mlango upi ameufungua, na ni nani aliyekuwa akisubiri nje.

Sasa natuutazame mwani kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo uchumi na hali ya hewa (ambayo wataalamu wa siku hizi huita tabianchi) hukutana katika mikono ya mtu mmoja. Wakati wa bamvua, maji yakijitenga sana, wanawake hushuka pwani na vijiti na kamba. Hufunga vipande vidogo vya mwani katika kamba, wakavitandika kati ya vijiti viwili, wakaviacha kwa wiki kadhaa, kisha huvuna, huanika na kuuza. Wakulima hawa ni zaidi ya 20,000 katika visiwa vyetu, na wengi wao sana ni wanawake. Aina za mwani zilizopandwa ni mbili. Ya kwanza huitwa kotonii, nayo ina utomvu mzito unaotakiwa sana katika viwanda vya vyakula na vya dawa ya meno, kwa hiyo bei yake ni kubwa. Ya pili huitwa spinosumu, na bei yake ni ndogo. Msiba ni kwamba kotonii haivumilii joto. Maji ya pwani yanapopita nyuzi 30, ncha zake huwa nyeupe, halafu hukatika na kuchukuliwa na maji. Tangu miaka ya 2000 imekufa katika sehemu nyingi za Unguja, na mkulima amebaki na ile ya bei ndogo. Kazi ni ileile, mgongo unaouma ni uleule, lakini fedha zimepungua.

Rais gani atalipoza joto hilo? Hakuna. Moshi uliolipasha haukutoka Jambiani. Lakini kuna dawa ambayo serikali ya hapa yaweza kuisaidia. Daktari Flower Msuya, wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo hapa Unguja, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba kotonii yaweza kuishi ikipelekwa katika maji ya kina, ndani ya nyavu za mfano wa mrija, mahali ambapo joto ni pungufu. Ili kufika huko mkulima ahitaji chombo, ahitaji nyavu, na ahitaji kujua kuogelea, jambo ambalo wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa. Serikali ya awamu ya nane imegawa boti kwa wavuvi na kwa wakulima wa mwani. Hilo ni jema. Lakini boti bila fundi wa kuitengeneza, na bila mnunuzi mwenye bei ya haki, huishia kuwa kivuli cha kuku.

Tena, anayekwenda katika kina kirefu aweza kumkuta mwenzake amekwisha fika. Pwani ya Paje ina hoteli, ina wageni wanaocheza na tiara juu ya maji, ina wavuvi, ina mwani. Kila mmoja anadai maji yaleyale. Na maji ya kunywa pia: mgeni mmoja hotelini hutumia mara nyingi zaidi ya mwanakijiji, na kisima kikivutwa mno karibu na pwani, chumvi huja. Hapo ndipo ilipo nguvu ya pili ya rais, iliyo nzito kuliko ile ya kupanga wizara, yaani mkataba. Kwa sheria ya mwaka 1992 ardhi yote ya Zanzibar imewekwa chini ya Rais. Mgeni hainunui, bali huikodi. Mwishoni mwa mwaka 2021 mamlaka ya uwekezaji ilitangaza kwamba baadhi ya visiwa vyetu vidogo vimekodishwa kwa wenye mitaji. Sasa tufanye hesabu rahisi. Rais hukaa miaka 10, asizidi. Mkataba wa ardhi huweza kukaa miongo mingi. Mtoto aliyezaliwa siku ya kutiwa sahihi atakuwa na wajukuu, na sahihi ile ingali yafanya kazi, hata kama bahari imekwisha panda hatua kadhaa juu ya mchanga. Wizara rais ajaye aweza kuivunja kwa tangazo moja. Mkataba hawezi kuuvunja bila kulipa.

Yako pia mambo ambayo Rais wa Zanzibar hayagusi. Sarafu, kodi ya mapato na mambo ya nchi za nje ni ya Muungano. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 juu ya hali ya hewa ulitiwa sahihi na Jamhuri ya Muungano, si na Zanzibar. Umeme wetu mwingi hupita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza ulipoharibika, mji ulikaa gizani kwa muda wa wiki nne mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Watu wa Mji Mkongwe wanakumbuka ndoo za maji katika ngazi za ghorofa, maana pampu nazo zilikufa. Waya mpya wa megawati 100, uliozinduliwa mwaka 2013, uligharimiwa na Marekani kwa mapatano ambayo Rais George W. Bush na Rais Jakaya Kikwete waliyatia sahihi Februari 2008. Mapatano ya pili hayakufika: Machi 2016 Wamarekani waliyasimamisha, wakitaja uchaguzi wa marudio wa Zanzibar kuwa mojawapo ya sababu. Na Januari 2025 rais mwingine wa Marekani, Donald Trump, siku ileile ya kuapishwa, aliamuru nchi yake ijitoe katika Mkataba wa Paris kwa mara ya pili. Msaada wa nje wa nchi ile nao ukakatwa mwaka uleule. Kwa hiyo anayepanga kinga ya pwani ya Unguja kwa fedha za mgeni, apange akijua kwamba ahadi ya mgeni hubadilika na uchaguzi wake.

Rais Mwinyi aliapishwa tena tarehe 1 Novemba 2025, na kipindi chake cha mwisho kitakwisha mwaka 2030. Kila mwaka, kabla ya mwezi wa Julai, waziri wa uchumi wa buluu husimama Chukwani kuomba fungu lake. Maswali ya kumpelekea mwakilishi wa jimbo lako si magumu. Ni wakulima wangapi wa mwani wamefika maji ya kina, na kilo moja imenunuliwa kwa bei gani? Mkataba wa kila kisiwa kidogo ni wa miaka mingapi, na umesema nini juu ya maji kupanda? Mafuta yakipatikana, sehemu gani itatengwa kwa visima na kwa pwani, na imeandikwa wapi? Maneno ya mwakilishi na majibu ya waziri huandikwa katika kumbukumbu za Baraza, na mtu aweza kuziomba na kuzisoma.